Sinia la Saba

Mtaani walimwita Kipimo, na jina lilimkaa. Alikuwa mwokaji mikate. Alipima unga, alipima chumvi, alipima maji kwa kikombe kimoja chenye mkono uliovunjika, na ole wake ambaye angekigusa kikombe hicho. Hamira aliipima kwa kijiko huku amebana pumzi. Mkewe, Mama Pacha, alipenda kumtania mbele ya wateja kwamba hata siku ya harusi alimpima kwanza urefu kabla ya kumpokea.

Lakini alichokipima kuliko vyote ni muda. Ukuta wa kando ya tanuri ulipakwa rangi nyeusi. Kila alipotia sinia la mikate ndani, Kipimo aliandika ukutani kwa chaki namba ya sinia na saa aliyolitia. Baada ya dakika ishirini na tano alilitoa. Kazi ilipokwisha, mdogo wake aliufuta ukuta kwa kitambaa kibichi, ukawa tayari kwa kesho.

Duka lilikuwa na vyumba vitatu. Mbele, Mama Pacha aliuza. Nyuma kulikuwa na tanuri. Kando yake kulikuwa na stoo ndogo ya unga, baridi na yenye giza. Watoto wao pacha walisoma shule ya bweni. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya watu watatu: Kipimo, mkewe na huyo mdogo wake, ambaye Mama Pacha alimwita shemeji, naye akamwita hivyo hivyo.

Kitu kimoja tu Kipimo hakukipima. Ni presha yake mwenyewe. Miaka miwili nyuma waliipima kliniki, wakaikuta iko juu, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Alivimeza miezi mitatu, akajisikia vizuri, akaviacha.

"Mwili wangu hauna neno," alisema. "Nimeze dawa, naumwa nini?"

Mama Pacha aligomba mpaka akachoka. Hatimaye akanyamaza, maana alijua mumewe ana kichwa kigumu.

Asubuhi hiyo ilianza kama nyingine. Saa kumi na mbili na nusu walikunywa chai wakiwa wamesimama, kisha Mama Pacha akaenda mbele kufungua dirisha la duka. Wateja walikuwa wengi. Shemeji alimletea mikate ya moto mara kwa mara, halafu akapakia mingine kwenye baiskeli, akaondoka kuisambaza madukani. Mama Pacha hakupata hata nafasi ya kuchungulia nyuma.

Saa tatu na robo alisikia harufu. Mkate ulikuwa unaungua.

Alisimama na mkate wa mteja mkononi, akasahau kumpa. Katika miaka kumi na minne, Kipimo hakuwahi kuunguza mkate. Hata mmoja.

"Nakuja," alimwambia mteja, akakimbilia nyuma.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa tanuri. Kipimo alikuwa amekaa kwenye stuli mbele yake, anautazama tu. Mkono wa kulia ulining'inia pembeni. Chaki ilikuwa imeanguka sakafuni.

"Baba Pacha! Mikate inaungua, wewe umekaa?"

Kipimo aligeuka. Alifungua mdomo, yakatoka maneno yasiyoeleweka, mazito, kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

Mama Pacha alishtuka. Lakini papo hapo akapata jibu, na jibu hilo likamtuliza. Ni joto.

Waokaji wana ugonjwa wao wa joto. Mtu akisimama mbele ya moto kwa saa nyingi, kichwa humzunguka na nguvu humwishia. Katika duka hili dawa yake ilikuwa moja, tangu enzi za baba mkwe: maji ya sukari na chumvi kidogo, kisha alale stoo juu ya magunia ya unga, kwenye ubaridi. Baada ya saa moja huamka, hujikung'uta unga, hurudi kazini. Dawa hiyo ilikuwa imewasaidia mara nyingi. Na hiyo ndiyo iliyowaponza siku hiyo.

Alimkokota mumewe hadi stoo. Mguu wa kulia uliburuzika. Akamnywesha maji. Kipimo alikohoa sana, mengine yakamtoka pembeni ya mdomo.

"Pumzika," Mama Pacha alimwambia. "Joto limekupanda. Mikate nitaitoa mimi."

Alitoa mikate myeusi, akarudi kwa wateja. Mara mbili alienda kuchungulia stoo. Kipimo amelala. Mara ya pili alikuwa anakoroma. Akajiambia, mtu anayekoroma amepumzika.

Shemeji alirudi saa tatu na dakika arobaini. Naye alichungulia.

"Mwache kaka alale, shemeji. Mimi mwaka jana si nilianguka hapo hapo? Saa moja tu nikawa mzima."

Mama Pacha alitaka kumwamini. Alitaka sana.

Dakika kumi baadaye alifika muuguzi. Wote mtaani walimwita Sista. Alifanya kazi hospitali kubwa, na kila akitoka zamu alipita kununua mkate mmoja.

"Leo nasikia harufu ya kuungua hapa, au pua yangu imechoka?" alitania. "Kipimo yuko wapi?"

"Amelala stoo, Sista. Joto limempanda."

"Joto? Alikuwaje?"

"Aliishiwa nguvu. Maneno hayatoki sawasawa. Na mdomo..." Mama Pacha alisita. Kulisema jambo hilo kwa sauti kulimtisha. "Mdomo umekwenda upande."

Sista aliacha mkate wake dirishani. "Nipeleke."

Stoo walimwamsha Kipimo. Alifumbua macho kwa shida. Sista alipiga magoti kwenye unga, nguo zake za kazi zikawa nyeupe zaidi.

"Kipimo, tabasamu. Nionyeshe meno."

Upande wa kushoto ulitabasamu. Upande wa kulia haukusogea.

"Nyoosha mikono yote miwili, hivi. Ishikilie hapo."

Mkono wa kushoto ulibaki juu. Wa kulia ulipanda kidogo, ukaanguka kwenye gunia.

"Sema: leo nimeoka mikate mingi."

Kipimo alijaribu. Macho yake yalimtazama mkewe, na humo machoni alikuwa mzima kabisa, anajua kila kitu. Lakini kilichotoka ni mkoromo. Mama Pacha aliziba mdomo kwa mkono asilie.

"Hili si joto," Sista alisema. "Hiki ni kiharusi. Joto humlegeza mtu mwili mzima. Halichagui upande mmoja. Ukiona uso umeshuka upande mmoja, au mkono mmoja umekosa nguvu ghafla, au maneno yamevurugika, usimlaze. Mkimbize hospitali. Hata dalili moja tu inatosha, naye anazo zote tatu."

"Mimi nilimpa maji ya sukari," Mama Pacha alisema.

"Usimpe kitu tena. Koo nalo linaweza kuwa limelegea, maji yakaingia kwenye mapafu."

Shemeji alikuwa ameshakimbia, akarudi na vidonge vya maumivu na vile vya presha vilivyokuwa vimeachwa kabatini. "Sista, tumpe hivi? Nilisikia kidonge cha maumivu kinafanya damu iwe nyepesi."

"Hapana! Kiharusi ni cha namna mbili. Kuna damu iliyoganda ikaziba mshipa wa kichwani. Na kuna mshipa uliopasuka, damu inavuja. Kwa kumtazama tu mimi siwezi kujua, na wewe huwezi. Ukimpa dawa hiyo kumbe damu inavuja, unamwongezea. Lazima picha ya kichwa kwanza."

Sista alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Lilikuwa mbali, upande wa pili wa mji. Dirishani alikuwapo dereva wa teksi anasubiri mikate. Alisikia, akafungua mlango wa nyuma wa gari bila kuombwa.

"Zahanati hapo chini ni dakika tano," alisema.

"Zahanati haina mashine ya picha," Sista alijibu. "Tukienda huko tutapoteza muda, kisha watatutuma huko huko hospitali kubwa. Twende moja kwa moja. Nitawapigia wajiandae."

Shemeji alibaki kuzima moto, maana tanuri linalowaka haliachwi peke yake.

Garini Kipimo alilazwa ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Magari yalikuwa mengi. Dereva alipiga honi, akatoa mkono dirishani kuomba njia. Mama Pacha alikuwa anaushika ule mkono wa kulia. Ulikuwa na joto, na bado ulikuwa na unga kwenye kucha, lakini haukumshika.

"Sista, kwa nini tunakimbizana hivi?" aliuliza. "Na alivyolala zaidi ya nusu saa pale stoo, mimi nauza mikate..."

"Usijilaumu sasa. Sikiliza. Ubongo unaishi kwa damu. Mshipa ukiziba, kila dakika sehemu nyingine ya ubongo inakufa. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapitishwa kwenye mshipa. Lakini inatolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu kiharusi kianze. Na inavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi."

"Muda ukipita?"

"Hata muda ukipita unampeleka mgonjwa hospitali. Yapo mengine ya kumsaidia. Lakini dawa hiyo ndiyo tunayoikimbilia."

Mama Pacha aliitazama saa ya kwenye dashibodi. Hakuacha kuitazama mpaka walipofika. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Hospitali walikuwa wanawasubiri mlangoni na kitanda cha magurudumu. Kila kitu kilikwenda haraka. Walimtoboa kidole kupima sukari, maana sukari ikishuka sana mtu huweza kuonekana kama ana kiharusi. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu sana, wakampa dawa ya kuishusha. Wakamsukuma kwenda kupigwa picha, mlango ukafungwa. Mama Pacha alibaki kwenye korido, viatu vyake vimejaa unga.

Saa tano na dakika kumi daktari alitoka. Alikuwa mwanamke kijana, anazungumza upesi lakini kwa heshima.

"Mama, hakuna damu inayovuja. Ni mshipa ulioziba. Kwa hiyo ile dawa inaweza kumfaa. Sasa nijibu vizuri. Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima kabisa, ilikuwa saa ngapi?"

"Nilimkuta hivyo saa tatu na robo."

"Sikuulizi ulipomkuta anaumwa. Huenda kilikuwa kimeanza zamani. Ni lini mara ya mwisho ulimwona anazungumza na kufanya kazi kama kawaida?"

Mama Pacha alifikiri. Akili ilikuwa haitulii. "Tulikunywa chai pamoja. Saa kumi na mbili na nusu."

Daktari alihesabu, uso wake ukabadilika. "Kutoka saa kumi na mbili na nusu, saa nne na nusu zimekwisha saa tano kamili. Kwa hesabu hiyo tumechelewa dakika kumi. Siwezi kuitoa dawa hii nje ya muda, mama. Inaweza kumwua."

Dakika kumi. Mama Pacha aliegemeza mkono ukutani. Ulikuwa mweupe, umepakwa rangi ya mafuta. Ukuta. Akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Anaandika!" alisema. "Daktari, mume wangu anaandika saa! Kila sinia! Na shemeji alikuwa naye!"

Akapiga simu. Iliita mara moja, mara mbili, mara tano.

"Haloo, shemeji. Kaka anaendeleaje?"

"Uko wapi?"

"Nipo nyuma hapa. Tanuri nimeshazima. Nasafisha, sasa nafuta ukuta..."

"Acha!" Korido nzima iligeuka. "Usifute! Weka hicho kitambaa chini!"

"Shemeji, vipi tena?"

"Umefuta mpaka wapi?"

"Nimeanza juu. La kwanza... la nne... la tano nimelifuta."

"La sita lipo?"

Mama Pacha alisikia maji yakidondoka ndooni.

"Lipo," shemeji alisema. "Limelowa kidogo, lakini linasomeka. Na la saba lipo."

Daktari aliichukua simu. "Wewe ni mdogo wake? Leo asubuhi ulimwacha saa ngapi?"

"Saa sikuitazama, daktari. Nilikuwa napakia mikate kwenye baiskeli."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa! Alinitania kwamba nafunga kamba kama mtu anayefunga mbuzi. Akatia sinia la sita, akaandika, akaja kunishikia baiskeli kwa mikono miwili. Ndipo nikaondoka."

"Una hakika ni la sita?"

"Daktari, mimi ndiye niliyelinyanyua kwa upande mmoja."

"Ukutani limeandikwa saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini."

"Piga picha ya ukuta, nitumie."

Picha ilifika. Daktari, Sista na Mama Pacha waliinamia simu ile ndogo. Mstari wa sinia la sita ulikuwa umenyooka, tarakimu safi, mwandiko wa Kipimo wa kila siku. Mstari wa sinia la saba, wa saa mbili na dakika arobaini na tano, ulianza vizuri, kisha ukateremka. Tarakimu ya mwisho ilikuwa mkwaruzo mrefu ulioshuka hadi mwisho wa rangi nyeusi.

Mama Pacha alilia hapo hapo. Alikuwa peke yake huko nyuma, aliwaza, anaandika, na mkono unamkatalia, na mimi nauza mikate.

"Kwa hiyo saa mbili na dakika ishirini alikuwa mzima," daktari alisema. "Muda wetu unakwisha saa saba kasoro dakika kumi. Tunao." Akamgeukia Mama Pacha. "Nikueleze hatari yake. Watu wachache wakipewa dawa hii hutokwa na damu kichwani. Si wengi, lakini wapo. Wengi zaidi inawapunguzia ulemavu. Yeye hawezi kusema, kwa hiyo nakuuliza wewe."

"Mpe," Mama Pacha alisema. Kisha akaogopa neno lake mwenyewe. "Sista, nimesema sawa?"

"Umesema sawa."

Dawa iliingia saa tano na nusu. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kukaa, na kukaa kulimtesa kuliko kukimbia. Kila baada ya muda mfupi muuguzi wa zamu alikuja kumpima Kipimo presha na kumwomba anyooshe mikono. Wa kulia haukusogea. Alikuja tena, haukusogea. Mama Pacha aliomba kimoyomoyo, akaacha, akaanza upya.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, kidole gumba cha mkono wa kulia kilicheza. Alidhani macho yanamdanganya. Kikacheza tena. Kisha Kipimo akasogeza ulimi, akasema kwa taabu, neno moja moja:

"La... saba?"

"Sinia la saba? Limeungua lote, Baba Pacha. Jeusi tii."

Kipimo alifumba macho kwa uchungu, na Mama Pacha akacheka huku machozi yanamtoka.

Sasa ni miezi minne. Kipimo amerudi kazini, ingawa si kama zamani. Mguu anauvuta kidogo. Maneno mengine humchelewa, na akikasirika humchelewa zaidi, kwa hiyo amejifunza kukasirika polepole. Vidonge vya presha anameza kila siku, ajisikie vizuri asijisikie. Daktari alimweleza kwamba presha haina kelele, humla mtu kimyakimya, na dawa yake haiachwi kwa sababu mwili umetulia. Sista hakuwa mpole hivyo. Alimwambia mbele ya wateja: "Unapima unga, unapima chumvi, mwili wako unaukisia!" Sasa chini ya ukuta mweusi pana mstari wa presha, na kila wiki huandikwa hapo.

Maji ya sukari na chumvi yapo bado. Ila mtu akizidiwa na joto hapewi hata tone mpaka apite mtihani. Mwezi uliopita shemeji alijisikia kizunguzungu. Mama Pacha alimsimamisha akiwa anayumba.

"Tabasamu. Nyoosha mikono. Sema: leo nimeoka mikate mingi."

"Leo nimeoka mikate mingi na mshahara ni ule ule," shemeji alijibu, mdomo umenyooka. Ndipo akapewa maji.

Na upande wa kushoto wa ukuta pana alama ambazo kitambaa hakizigusi. Kila Jumatatu Kipimo hunyoosha mkono wa kulia kadiri anavyoweza, na Mama Pacha huchora mstari unapoishia. Mstari wa kwanza uko usawa wa kiuno. Wa juzi umefika usawa wa sikio.

Anaandika tena mwenyewe, kwa mkono huo huo. Tarakimu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini zinasomeka. Na kila asubuhi, ikikaribia sinia la saba, Mama Pacha huacha dirisha la duka na kwenda nyuma. Wateja wameshazoea, wanasubiri. Yeye husimama mlangoni mpaka mumewe amalize kuandika.

"Mikate haiungui," Kipimo humwambia bila kugeuka.

"Sikuja kuangalia mikate," hujibu mkewe.